Injini Haimjui Mama Mkwe

Shemeji yangu Ladislausi aliponiambia, "Washa tu bwana, mama anangoja," nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilijifuta mikono, nikaingia upande wa dereva, nikashika ufunguo. Baada ya siku ile nimefungua na kufunga injini nyingi hapa Kasulu, na nyingi zimetoka salama, lakini nikikaa peke yangu ni hiyo moja ninayoisikia masikioni.

Winifrida, mke wa mwanangu, ndiye aliyenisukuma kuandika. Alisema, "Baba, hadithi ya ile cheni umeisimulia nusu kila mwaka. Imalizie." Basi naimalizia, kwa ajili yenu mnaobaki gerejini. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Gereji yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na wenye spana na waomba spana.

Nilianzia Kibondo. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kusubiri kuitwa mahali, na hakuna aliyeniita. Mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja mnene, Mzee Gwimo, aliyekuwa akitengeneza malori na mashine za kusaga. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mzee Gwimo akanitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Umekuja kufunga ndoa?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kazini."

"Basi bibi harusi yule pale," akasema, akinionyesha beseni la mafuta ya taa lililojaa bolti.

Niliziosha zote mpaka zikang'aa, nikazipanga kwa uzuri, ndefu kwa ndefu na fupi kwa fupi. Nilidhani nitasifiwa. Kumbe nilikuwa nimezichanganya bolti za injini mbili. Mzee Gwimo hakupiga kelele. Alinipa katoni na msumari, akanifundisha jambo ambalo nililifanya hadi nilipostaafu: chora umbo la silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwenye katoni, toboa matundu kama yalivyo kwenye hedi yenyewe, kisha kila bolti unayoifungua ichomeke mahali pake. Katoni haidanganyi na haisahau. Wengi wenu mnatumia simu kupiga picha, sawa, lakini simu ikiisha chaji mtaniita.

Kwake nilijifunza pia kwamba tundu la bolti likibaki na oili au maji, ukikaza bolti unaweza kupasua bloku, maana kimiminika hakikubali kubanwa. Na kwamba hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kama mtu anayefunga mzigo wa maharage kwenye baiskeli: ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, mzigo wote unapinda.

Nilipomwoa Veronika, binti wa Heru Juu, nilihamia Kasulu na kufungua gereji yangu. Wanaoijua leo ikiwa na sakafu ya saruji hawawezi kuamini. Ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Tulichimba shimo la kuingia chini ya magari, mvua za kwanza zikaligeuza bwawa, bata wa jirani wakahamia. Tukalifukia. Tangu hapo, aliyetaka kuona chini ya gari alitandika gunia akalala.

Hapo ndipo alipokuja Byamungu. Alikuwa Mkongomani, mtu wa kule upande wa pili wa ziwa, akiishi kambini Nyarugusu na mkewe na watoto. Alikuwa na kibali cha kutoka, na alikuwa amekuja mjini kununua sabuni za kwenda kuuza kambini. Akapita gerejini kwangu kuomba kipande cha waya cha kufungia mzigo. Wakati natafuta waya, mteja mmoja akawasha gari lake. Byamungu akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa.

"Ile shene inalia," akasema.

"Cheni gani?"

"Ya ndani. Sikia: asubui inalia, ikipata moto inanyamaza. Iko inakuomba ruhusa ya kufa."

Nilicheka, kisha nikafungua, nikaikuta imelegea. Nikamwomba arudi kesho. Alirudi kesho na kesho kutwa, na kila kibali chake kilipomruhusu alikuwa gerejini kwangu. Hakuwa mwanafunzi wangu wala mimi sikuwa bosi wake. Tulikuwa mikono miwili.

Byamungu alikuwa na mazoea yake. Cheni mpya aliining'iniza kwenye msumari pamoja na ya zamani, zikalingana juu, kisha anatazama chini ya zamani imezidi kiasi gani. Mteja akiona kwa macho yake jinsi cheni ilivyorefuka, maneno yanakwisha. Alijitengenezea pia mkono wa kugeuzia injini: soketi aliyoichomelea kwenye nondo iliyopindwa, ndefu ya kutosha kufika kwenye bolti ya puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, ukiwa umelala chini. Kifaa kibaya kwa sura, lakini sijawahi kuona kinachokizidi.

Na alikuwa na sheria moja. Aliyeifunga cheni haigeuzi injini kwa mkono kuijaribu. Anayegeuza ni mwingine.

"Miye naweka, weye unageuza," alisema. "Mwenye kuweka anapenda kazi yake sana, hawezi kuisikia ikikataa."

Wale mnaoanza, nieleweni vizuri hapa. Ukishabadilisha silinda hedi, cheni ya taimingi hurudi mahali pake kwa alama. Pistoni ya kwanza iko juu, alama ya krenki imekaa, alama za kamshafti, mihimili inayofungua valvu, zimekaa, na zile pingili za cheni zenye rangi zimelala juu ya alama. Upande wa kuvuta usiwe na ulegevu hata kidogo. Ulegevu wote upeleke upande wa tenshena, kile kikaza cheni, maana ndiyo inayousukuma. Halafu, kabla ya kugusa ufunguo, unaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikigoma, usilazimishe. Ile ni valvu inakuambia imekutana na pistoni. Kwa mkono wanasalimiana tu. Kwa stata wanauana. Ukimaliza, alama za puli zitarudi mahali pake. Pingili zenye rangi hazitarudi, zitakuwa zimehama, na usihangaike. Kila kijana ninayemfundisha huhangaika hapo.

Gari la Ladislausi lilikuwa na injini ya cheni, na tenshena yake ilifungwa kwa nje. Wakati wa kuifunga, kichwa chake hurudishwa ndani na kushikwa na ndoano ndogo. Ndoano ile haiachii kwa maombi. Inabidi uirudishe krenki nyuma kidogo kwa mkono, ndipo inafyatuka, na kichwa kinatoka kuikaza cheni. Ukiwasha ndoano ikiwa bado imeshika, cheni inazunguka ikiwa legelege, na cheni legelege huruka meno.

Ladislausi ni kaka wa Veronika. Gari lile lilikuwa ndilo shamba lake. Alibeba abiria kati ya Kasulu na Kibondo. Lilichemsha mlimani, yeye akaendelea tu kwa sababu abiria walikuwa wanamhimiza, hedi ikapasuka. Ilichukua muda mrefu kupata nyingine. Ilipofika kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa ndani ya gunia na matambara, tuliipokea kama mgeni. Mimi na Byamungu tuliipima, tukaosha matundu, tukaweka gasketi, tukakaza. Yeye akaweka cheni na tenshena. Alipomaliza aliona klipu ya bomba la rejeta imekatika.

"Naenda sokoni kutafuta ingine," akaniambia. "Nikirudi nikute umegeuza."

"Nenda. Utakuta."

Alikuwa hajapotea kwenye kona Ladislausi alipofika, na nyuma yake mama yao, Bibi Anastazia, mama mkwe wangu. Alikuwa na kapu lake na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kibondo kulikuwa na mjukuu mpya, na Ladislausi alikuwa amemwahidi kwamba gari likipona, safari ya kwanza ni yake. Bibi akatafuta kivuli. Kivuli kilikuwa kimoja tu gerejini, kile cha ukuta, mbele kabisa ya gurudumu la kulia. Akakaa pale juu ya tairi kuukuu.

Sasa, bolti ya puli ya krenki kwenye gari lile inafikiwa upande huohuo wa kulia. Unatoa gurudumu, unalala chali, kichwa ndani, miguu nje. Nje maana yake kwa Bibi Anastazia.

Asiyezaliwa huku ataona ni upuuzi. Mimi nililelewa hivi: mama mkwe hakai nawe kiti kimoja, hakuoni ukitafuna, na wewe hulali chini mbele yake ukamwelekezea nyayo. Isitoshe ovaroli langu lilikuwa limechanika mahali ambapo hata rafiki hapaswi kuona. Na kumwambia mkwe ahame kivulini? Bora ningeambiwa nimeze spana.

Nikaanza kuzunguka lile gari. Nilikaza bolti zilizokwisha kukazwa. Nilifuta betri. Bibi akajifunika uso mzima kwa kitenge, akatulia kabisa. Nikadhani amechoka kusubiri, au amekasirika.

"Shemeji, kuna nini?" Ladislausi akauliza.

"Bado haijageuzwa."

"Igeuze basi."

Nikafuta betri tena. Akanitazama, akamtazama mama yake, akatazama gunia langu la kulalia. Akaelewa, akacheka kwa kuminya sauti.

"Aa, kumbe ni ukwe! Fundi wa Kasulu nzima ameshindwa na kikongwe mmoja na kuku wake."

"Ngoja Byamungu arudi, sha. Yeye hana mkwe hapa."

"Atarudi saa ngapi? Cheni si kaifunga yeye? Au humwamini?"

"Namwamini."

"Sasa? Washa tu bwana, mama anangoja."

Nilikuwa najua habari ya ndoano. Sisemi nilisahau. Nilijiambia kwamba alama niliziona kwa macho yangu, na kwamba stata ikizunguka itaifyatua ndoano kama mkono unavyofanya. Mtu anayeogopa aibu hupata ushahidi haraka sana.

Niliwasha. Ililia kra-kra-kra, kama mtu anayevunja miwa, halafu stata ikaanza kuzunguka nyepesi, bila kizuizi chochote, kama pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo. Nikatoa ufunguo.

Bibi Anastazia akafunua uso. "Imewaka?" akauliza.

Kuku ndiye aliyemjibu.

Byamungu alirudi na klipu mkononi. Nadhani alijua tangu mlangoni, kwa jinsi tulivyosimama. Aliweka kidole kwenye tenshena, akakiondoa.

"Nani aligeuza?"

"Hakuna," nikasema.

"Ju ya nini?"

Nilimwonyesha kwa midomo, kule kivulini. Alitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Ndugu yangu. Motere haijue mama mukwe. Inajua mukono tu."

Palepale nilimweleza Ladislausi kwamba kosa ni langu, si la aliyefunga cheni. Hakunigombeza, alijua na yeye sehemu yake. Alimpeleka mama yake kituoni, Bibi akapanda basi na kuku wake. Hedi ile mpya tuliishusha tena. Valvu zilikuwa zimepinda. Byamungu hakuondoka. Kila siku aliyoruhusiwa alikuja, akanisaidia kutafuta valvu, kuzisaga zikakaa, kupandisha hedi. Safari hii aliniwekea cheni, akasimama pembeni mikono nyuma, mimi nikalala juu ya gunia nikaigeuza. Iliwaka vizuri. Ladislausi akaondoka akipiga honi.

Lakini maneno yalikuwa yameshafika sokoni. "Mkongo kaua injini ya watu." Niliowasikia niliwasahihisha, mmoja baada ya mwingine. Wengine walinisikiliza, wengine walisema, "Unamtetea mtu wako." Neno likitoka gerejini linapanda bodaboda, wewe uko kwa miguu.

Byamungu alinawa mikono, akaanza kukusanya vifaa vyake kwenye mfuko.

"Unakwenda?"

"Naenda."

"Nilisema ukweli, Byamungu. Mbele ya wote."

"Ulisema. Sikukasirika." Akakaa kwenye lile tairi la kivulini. "Lakini sikia. Weye ukikosea hapa, watu wanasema: fundi amekosea. Miye nikikosea, hawaseme fundi. Wanasema Mukongomani. Ndiyo ile nilikuwa naomba mukono ya pili. Haikuwa ya motere tu. Ilikuwa ya jina yangu. Na ile mukono ilikuwa weye."

Aliondoka na mfuko wake. Ule mkono wa nondo alioutengeneza ulibaki ukutani kwenye msumari wake. Sijui kama aliusahau.

Baadaye nilisikia anatengeneza mashine za kusaga na pikipiki kulekule kambini, na kwamba ana kazi tele. Nilifurahi, na nilijiambia nitakwenda kumwona. Kila wiki kulikuwa na gari la kumaliza kwanza.

Siku moja nilikuwa Heru Juu, kwa wakwe. Bibi Anastazia alikuwa anachambua maharage uani, na mimi nimekaa mbali kama inavyotakiwa, nimemgeuzia bega. Akasema bila kuinua macho:

"Mkwe wangu, siku ile ya gari nilijifunika kitenge muda mrefu sana. Jasho lilinitoka. Mbona hukufanya kazi yako?"

"Mama, nilidhani umelala."

"Nilale juu ya tairi, mimi? Nilikuwa nakuachia nafasi ulale chini, wewe ukawa unapangusa betri!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mume wangu alikuwa anachimba visima. Nimeona miguu ya wanaume wengi."

Nilicheka naye, kwa adabu. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Heshima yake ilikuwa imenifungulia mlango, na mimi nikasimama nje nikiuheshimu.

Nilipokwenda kambini hatimaye, kijana mmoja wa jirani zao aliniambia kuwa Byamungu na familia yake wameshaondoka. Walipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, yenye baridi. Kijana hakujua jina la nchi. Alijua tu kwamba waligawia majirani sufuria zao.

Tangu hapo sheria ya mikono miwili nimeishika kama imani. Wateja wamenikasirikia, wengine wamehama. Wengi wamerudi. Mwanangu alipooa aliniletea Winifrida, aliyesoma chuo cha ufundi na anayejua spana kuliko mume wake, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hajui kubadilisha tairi. Nilimfundisha sheria ya Byamungu siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo.

Siku yangu ya mwisho gerejini Winifrida alikuwa anamalizia gari la daktari mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Hedi mpya, cheni mpya. Injini ya aina ileile ya Ladislausi, ya ndoano. Fundi mwenzake alikuwa amekwenda Kitanga msibani. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na begi.

"Dada, si umeshafunga? Tia moto basi, nina wagonjwa Kabanga wananisubiri."

"Haijageuzwa, daktari."

"Wewe geuza."

"Mimi ndiye niliyeifunga. Siigeuzi." Akanigeukia. "Baba. Umebaki wewe."

Nikatazama chini. Siku hizi ni saruji, lakini chini ni chini. Gurudumu la kulia lilikuwa nje. Na aliyesimama mbele yake alikuwa mke wa mwanangu, ambaye kwa jinsi nilivyolelewa hapaswi hata kuniona bila kofia. Nilikuwa na suruali ya kustaafia, iliyonyooshwa.

Winifrida alichukua ule mkono wa nondo ukutani, akanipa kwa mikono miwili, akageukia ukuta. Akavuta kofia yake mpaka puani, akasimama hivyo.

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Jamani, kuna ibada?"

"Ipo," nikasema, nikalala chini.

Magoti yalilalamika. Niliitafuta bolti kwa kidole, nikaingiza soketi, nikairudisha krenki nyuma kidogo. Tik. Ndoano ikaachia. Nikaanza kuzungusha mbele, polepole, nikisikiliza kwa mkono. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Hakuna kilichogoma. Alama zikarudi mahali pake.

"Imekubali?" Winifrida akauliza ukutani.

"Imekubali, mwanangu. Geuka."

Aliwasha. Ilishika mara moja, tulivu, na cheni haikutoa sauti yoyote. Daktari akaondoka. Mkono wa nondo niliurudisha kwenye msumari, na hapo ndipo mtaukuta.

Basi nimemaliza kama nilivyoahidi. Injini ya Ladislausi ilipona na ilibeba abiria miaka mingi. Bibi Anastazia alimwona mjukuu wake. Kuwasha gari siku ile kulinigharimu Byamungu. Alikuwa fundi kunizidi na rafiki yangu, aliniachia jina lake nilishike, nikaliacha lianguke kwa sababu ya ovaroli lililochanika. Sikumwomba radhi kwa hilo, na sasa sijui aliko.